Natumia wilchea, siumwi: maswali yenu kuhusu bei ya bima ya safari

Tangu niandike hapa kwamba zamani niliwahi kuuza bima, barua zimenimiminikia kama mvua, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona mtu mwenye ulemavu akiomba bima ya safari anapewa bei kama anaenda kupigana vita? Nimechagua chache, ndefu nimezipunguza, na majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Shikamoo anti. Miaka 11 iliyopita nilipata ajali ya gari nikaumia uti wa mgongo, tangu hapo natembelea wilchea. Miaka 6 sasa sijalazwa hospitali. Nasafiri wiki 2 na rafiki yangu, umri mmoja, ndege moja, hoteli moja. Tumeomba bima onlaini, yeye kaletewa bei yake na mi nimeletewa mara 3 ya yake. Kampuni ya pili ikaniletea bei inayokaribia ya kwake. Ya tatu ikasema haiwezi kunipa bei, nipige simu. Hapa shida ni ulemavu wangu au ni nini? – Magurudumu Mawili

Marahaba mdogo wangu. Nusu ya swali umeshajijibu bila kujua. Ulemavu ungekuwa ndo wenye bei, kampuni zote 3 zingekuletea namba zinazokaribiana, maana uti wa mgongo ni ule ule na safari ni ile ile. Kilichobadilika ni maswali waliyokuuliza na jinsi kompyuta yao inavyosoma majibu.

Iko hivi. Ndani ya bima moja ya safari kuna kinga nyingi zimefungwa pamoja, kuna matibabu ya dharura ukiwa nje, kuna kurudishwa nyumbani ukizidiwa, kuna safari kuahirishwa au kukatika katikati, kuna mizigo. Sasa zinazobeba bei kubwa ni hizo mbili za kwanza. Begi likipotea hasara yake ina mwisho, lakini mtu akilazwa wodi ya mahututi ugenini wiki 3 hakuna anayejua bili itasimamia wapi, alafu kumrudisha amelala kwenye machela ndani ya ndege ya abiria kunakula viti vya watu kadhaa na nesi au daktari juu, na ikibidi kukodi ndege ya wagonjwa ndo usiseme kabisa. Kwa hiyo kampuni haiumizi kichwa sana kama unatembea au hutembei, inachotaka kujua ni uwezekano wa wewe kulazwa ndani ya hizo siku 14, na ukilazwa itawagharimu kiasi gani.

Fomu nzuri ukitaja uti wa mgongo inaendelea kukuuliza. Umewahi kupata vidonda vya kukaa au kulala sana? Maambukizi ya njia ya mkojo mara ngapi? Kupumua kwako kukoje, presha huwa inapanda ghafla? Umelazwa miezi 12 au 24 iliyopita? Kuna operesheni au kipimo unasubiri? Kila jibu lina alama zake, alama zinajumlishwa, zinageuzwa bei, na mtu kama wewe wa miaka 6 bila kulazwa anaweza kutoka na alama kidogo sana hata asiongezewe kitu. Fomu mbaya ina kisanduku kimoja tu, una ulemavu au ugonjwa sugu, ndiyo au hapana, ukitiki ndiyo unatupwa kapu moja na mtu anayesubiri kupasuliwa moyo. Nahisi mara 3 yako imetoka kwenye kapu hilo.

Na nasema kwa ushahidi, maana kampuni niliyokuwa nauzia ilikuwa na fomu ya namna hiyo. Alikuja mteja kakatwa mguu chini ya goti utotoni, anakimbia kuliko mimi, kompyuta ikampandishia bei kama mgonjwa, na mi nikamwambia "ndo mfumo unavyosema" nikamwangalia anavyoondoka. Leo ningemwambia aende kampuni ya jirani.

Hiyo kampuni ya tatu iliyosema piga simu, ipigie. Mara nyingi hiyo siyo kukataliwa, ni kompyuta imefika mwisho wa akili yake na inataka mtu asome. Ukipiga, usianze na neno ulemavu peke yake likining'inia, anza na hali yako: niliumia mwaka fulani, hali haijabadilika tangu wakati huo, sijalazwa miaka 6, sisubiri matibabu yoyote. Hizo sentensi 4 zinaweza kukuokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la msimu.

Alafu kuna vitu vya kucheza navyo ambavyo havihusiani na mwili wako kabisa. Unakoenda ni cha kwanza. Bima ya "dunia nzima" na ile ya "dunia nzima kasoro Marekani na Kanada" zinaachana sana bei kwa sababu ya gharama za hospitali za huko, kwa hiyo kama hupiti huko usilipie huko. Kingine ni kile kiasi cha kwanza unachokubali kutoa mfukoni mwako kabla kampuni haijaanza kulipa, ukikipandisha ada inashuka, ila angalia usikipandishe mpaka siku ya siku ukashindwa kukitoa. Idadi ya siku nayo, hesabu vizuri, bima nyingine zinaruka bei ukizidisha siku moja tu juu ya wiki 2.

Habari za kazi anti. Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, sina ugonjwa wowote. Je niandike kwenye fomu? Naogopa wataniongezea bei. – Naongea kwa Mikono

Wameuliza nini? Wakiuliza magonjwa na matibabu, uziwi wa kuzaliwa usio na matibabu yoyote kwa kawaida hauna cha kuandika hapo. Wakiuliza "ulemavu wa aina yoyote" andika, na sioni sababu ya maana ya kukuongezea hata senti, kusikia na kulazwa hospitali wapi na wapi. Wakiongeza waulize kwa maandishi ni kwanini, utashangaa wanavyobadilika.

Ila kwako wewe bei siyo hatari kubwa. Hatari ni namba ya dharura. Bima karibu zote zinataka ukilazwa upige simu kwao kabla gharama hazijawa kubwa, wao ndo waidhinishe, na usipowasiliana wanaweza kubishana nawe kwenye malipo. Sasa kiziwi unapigaje simu? Kabla hujalipa waandikie imeili uulize: nikiwa kitandani nje ya nchi nawafikia kwa njia gani, ujumbe mfupi, chati, simu ya video? Kampuni isiyo na jibu la hilo hata ikiwa rahisi vipi mi ningeiacha.

Na kama unavaa vifaa vya kusikia au una kipandikizi cha sikio chenye kile kifaa cha nje, angalia ukomo wa kitu kimoja kwenye kinga ya mizigo. Nalielezea hapa chini.

Anti, nisikilize kwanza kabla hujanihukumu. Kiti mwendo changu cha umeme kilitoka kwenye ndege mkono umevunjika na gurudumu linacheza. Bima yangu ilikuwa ya bei nzuri tu, nilifurahi nilipoipata. Nikadai, wakanilipa kiasi ambacho hakinunui hata betri. Shirika la ndege nalo linasema lina ukomo. Nimeibiwa au ndo sheria? – Nimekaa Nimechoka

Pole sana. Sikuhukumu, kwanza barua yako nimeisoma mara mbili kwa uchungu, maana mtu akivunjiwa kiti ni kama kavunjiwa miguu alafu anapewa fomu ya begi lililochanika.

Tuanze na bima. Kwenye kinga ya mizigo kuna namba mbili na watu wengi tunasoma moja. Ipo ile kubwa inayoandikwa kwa herufi nene, jumla ya mizigo yote, alafu chini kuna ndogo inayosema kitu kimoja hakitalipwa zaidi ya kiasi fulani. Kiti chako ni kitu kimoja. Kwa hiyo hata jumla iwe kubwa kama mlima, wewe umelipwa kwa ile ndogo, na juu yake wanapunguza thamani kwa sababu ya uchakavu. Bima nyingine zimekwenda mbali zaidi, zimeandika kabisa kwamba vifaa vya kutembelea havimo. Kwa hiyo unapolinganisha bei, bima ya kawaida ya bei nzuri na bima yenye kinga maalumu ya vifaa siyo kitu kimoja kilichopewa bei mbili, ni vitu viwili tofauti.

Sasa shirika la ndege. Safari za kimataifa nyingi zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na mkataba huo unakihesabu kiti mwendo kama mzigo. Ndiyo, mzigo, sawa na sanduku la nguo. Ukomo wa fidia kwa abiria mmoja tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ukigeuza inakuja dola elfu mbili na ushee. Kiti cha umeme cha maana kinaweza kuwa mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo hapo hujaibiwa, sheria yenyewe ndo bahili.

Lakini mkataba huo huo una mlango mdogo watu hawaambiwi. Ibara ya 22 inakuruhusu, wakati unakabidhi mzigo, utoe tamko maalumu la thamani yake, ulipe nyongeza kama shirika linaitaka, na hapo ukomo unapanda mpaka kiasi ulichotamka. Uliza siku unakata tiketi, siyo siku ya kaunta watu wako nyuma yako wanasonya. Kwa wengine nyongeza hiyo inakuwa nafuu kuliko kununua kinga ya ziada ya bima. Ndani ya Marekani mambo ni tofauti, kwenye safari za ndani mashirika yanatakiwa kufidia mpaka bei ambayo kiti kilinunuliwa mwanzo, na usidhani wanafanya hivyo kwa huruma, mwaka 2023 mashirika makubwa ya huko yenyewe yaliripoti viti na skuta zaidi ya 11,000 zilizoharibiwa, kuchelewa au kupotea.

Madai ya mzigo ulioharibika unatakiwa uyapeleke kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, kesi mahakamani ndani ya miaka 2. Kama siku 7 zako hazijapita acha kusoma hapa, kaandike kwanza. Na wenzangu mtakaosafiri baadaye, piga picha kiti kila upande kabla hakijaondoka mikononi mwenu, kwenye picha ionekane kinawaka na kinatembea, na risiti ya kununulia ikae kwenye simu. Bima ya vitu vya nyumbani kama unayo isome pia, zipo zinazobeba kiti mpaka nje ya nchi, unaweza kukuta unataka kulipia kinga ambayo unayo tayari.

Betri nayo. Ukizuiwa kupanda kwa sababu betri haikidhi kanuni, bima nyingi hazilipi, wanasema ulitakiwa ujue. Kwa betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kiti kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, zinaruhusu mpaka Wh 300 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), au kama kiti kina mbili basi kila moja isizidi Wh 160. Tafuta namba hiyo imeandikwa kwenye betri yenyewe, na uwaambie shirika mapema. Ulaya kanuni ya mwaka 2006 ya abiria wenye ulemavu inasema taarifa ya msaada itolewe angalau saa 48 kabla, na vifaa 2 vya kutembelea vinasafiri bure, kwa hiyo mtu asikutoze kilo.

Shikamoo anti. Mwanangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Nikiandika vyote viwili bei inaruka, nikiandika mtindio peke yake inashuka. Shemeji yangu anasema nisiandike kifafa, ati "watajulia wapi". Naomba ushauri wa kweli. – Mama Mwenye Haraka

Marahaba mama. Shemeji akae pembeni kidogo.

Watajulia hospitali. Mtoto akianguka kifafa huko ugenini, jambo la kwanza daktari atakalokuuliza ni ameanza lini na anatumia dawa gani, nawe kama mama utasema kweli kwa sababu unataka mwanao apone, na jibu lako litaandikwa kwenye faili, na faili litaombwa na kampuni kabla haijalipa. Wakitaka zaidi wataomba na rekodi za daktari wake wa nyumbani, na karatasi ya kuwaruhusu utakuwa umeshaisaini. Hapo hawatakataa bili ya kifafa tu. Sehemu nyingi ukionekana umeficha kwa makusudi mkataba mzima unaweza kufutwa, hata mtoto angekuwa kavunjika mkono tu akicheza.

Nisikutishe bila kukupa na upande wa pili. Kujibu kwa ukweli siyo kujimwaga historia yote ya ukoo. Uingereza kwa mfano sheria ya 2012 ilibadilisha hili, mteja wa kawaida jukumu lake ni kujibu maswali aliyoulizwa kwa uangalifu, siyo kubuni mwenyewe ni nini kampuni ingependa kujua. Kwa hiyo soma swali, jibu swali, kama halieleweki waulize, na ujibiwe kwa maandishi.

Sasa bei. Kwenye kifafa kompyuta inataka kujua degedege la mwisho lilikuwa lini, yanakuja mangapi kwa mwaka, anatumia dawa aina ngapi, na kama amelazwa karibuni kwa sababu hiyo. Mtoto aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka na anayeanguka kila wiki hawana bei moja. Nenda kwa daktari wake akupe barua fupi yenye hayo manne na tarehe, alafu jibu fomu ukiwa unaisoma barua, siyo kwa kukumbuka kumbuka. Nimeona mzazi anaandika "miezi michache iliyopita" kumbe ni miezi 14, kajipandishia bei mwenyewe.

Kuna mtego mwingine wa tarehe. Mikataba mingi, ya Kanada ndo inajulikana zaidi kwa hili, inataka hali iwe "imetulia" kwa siku kadhaa kabla ya kuondoka, labda siku 90, labda 180. Na kutulia kwao siyo kutulia kwetu. Dozi ikibadilishwa, hata ikipunguzwa kwa sababu mtoto anaendelea vizuri, wengi wanahesabu kwamba hali haijatulia. Yaani habari njema ya daktari inageuka shimo kwenye bima. Kama dawa zinaenda kubadilishwa karibu na safari ongea na daktari kuhusu tarehe, na likibadilika lolote baada ya kununua bima waambie kampuni kabla hujaondoka.

Watakuletea pia ofa ya kununua bima ambayo kifafa kimetolewa nje, bei inakuwa tamu. Kwa mtu mzima ambaye hali yake haijamsumbua miaka, anayejua anachokifanya, naweza kuelewa. Kwa mtoto mwenye kifafa mi siipendi. Itakulipa kila kitu isipokuwa kile kinachokufanya ununue bima. Tena kuna ujanja wa maneno, wanaandika "na chochote kinachotokana nacho", kwa hiyo akianguka kifafa akavunja jino, jino nalo limo kwenye kifafa.

Anti mambo. Mimi nasafiri na msaidizi, bila yeye siwezi kuvaa wala kula. Akiumwa yeye siku moja kabla je? – Sisi Wawili

Poa. Hili swali zuri na kampuni nyingi hazilitaji mpaka uulize. Bima ya kawaida inalipa kuahirisha kama aliyeumwa ni wewe, ndugu wa karibu, au mtu uliyepanga kusafiri naye, sasa msaidizi wa kuajiriwa anaweza asihesabike ndugu, kwa hiyo hakikisha anatajwa kama msafiri mwenzako, na hali yake ya kiafya nayo inaweza kuulizwa. Alafu uliza akiugua mkiwa huko katikati ya safari, nani atalipa wa kuziba nafasi yake au wa kuja kukuchukua. Kama jibu ni "tutaangalia" ujue ni hapana. Kumkatia yeye bima kampuni moja na wewe kampuni nyingine ili kuokoa vihela, sishauri, siku ya tatizo mtakuwa na namba mbili za dharura na watu wawili wanasukumiana.

Kampuni 4 zimenikataa. Siyo bei kubwa, KUKATALIWA. Moja haikutoa hata sababu. Nina ugonjwa wa misuli unaodhoofisha taratibu. Hii siyo ubaguzi? Sheria iko wapi? – Nimegonga Mwamba

Sheria ipo lakini ina kona, na bora nikwambie kona zenyewe kuliko kukutia moyo wa bure.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa 2006, ibara ya 25 unakataza ubaguzi kwenye bima ya afya na bima ya maisha, unataka itolewe kwa haki na kwa namna inayoeleweka. Bima ya safari haijatajwa kwa jina hapo, na sheria za nchi ndo zinazoamua. Na nchi nyingi zimewaachia kampuni za bima nafasi ya kutofautisha watu, ila kwa masharti. Uingereza Sheria ya Usawa ya 2010 inaruhusu kampuni kukutendea tofauti kwa sababu ya ulemavu kama imetegemea taarifa zinazohusu hatari yenyewe, kutoka chanzo cha kuaminika, na uamuzi uwe wa haki. Australia sheria yao ya 1992 inafanana na hiyo, inazungumzia takwimu. Maana yake kampuni haitakiwi kusema tu "sisi watu wa misuli hatuchukui", inatakiwa iwe na hesabu nyuma ya neno lake.

Na hilo limeshapimwa. Mwaka 2015 baraza la usuluhishi la jimbo la Victoria, Australia, lilimpa ushindi mwanafunzi aliyefuta safari kwa sababu ya sonona iliyomwanza baada ya kununua bima. Kampuni ilikuwa imetoa nje magonjwa yote ya akili kwa watu wote, na ilipoambiwa ilete takwimu zilizoifanya iandike hivyo, ilichonacho hakikutosha, ikaamriwa kumfidia. Kilichoiangusha ni swali moja tu: leta hesabu zako.

Kwa hiyo na wewe uliza hilo. Andika kwa kampuni iliyokukataa bila sababu, uombe sababu kwa maandishi na taarifa walizotegemea. Zikija za kubabaisha peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima au msuluhishi wa migogoro ya bima wa nchi yako. Hayo yanachukua muda na safari yako haisubiri, najua, kwa hiyo sambamba na hilo tafuta dalali wa bima anayeshughulika na watu wenye magonjwa na ulemavu, siyo wakala wa kampuni moja, dalali anayezunguka kwa wengi. Uingereza tangu Aprili 2021 kampuni ikikukataa kwa sababu ya ugonjwa, au ikikuongezea bei kubwa kwa sababu hiyo, inatakiwa ikuelekeze kwenye orodha ya kampuni zinazochukua watu wenye hali kubwa za kiafya. Ningependa kila nchi ifanye hivyo, mtu akifunga mlango walau aoneshe ulipo mwingine.

Makosa ya mtu aliyekataliwa mara 4 ni kwenda wa 5 hadi wa 10 kwenye mtandao ule ule wa kulinganisha bei. Nyuma ya majina 10 unaweza kukuta kampuni mbili na mfumo mmoja wa kuhesabu alama. Ndo maana nasema dalali.

Anti, benki yangu inasema kadi inakuja na bima ya safari BURE. Si nitumie hiyo tu na kiharusi changu cha miaka 4 iliyopita? – Mpenda Bure

Soma sehemu ya magonjwa yaliyokuwepo kabla. Bima za kadi mara nyingi hazikuulizi chochote, na wewe ukadhani wamekukubali, kumbe hawakuulizi kwa sababu wameshayatoa nje yote. Nyingine zina ukomo wa umri, nyingine zinakubali uongeze ugonjwa kwa kulipia tofauti, na hiyo ikikubalika inaweza kuwa nafuu kweli, piga simu uulize.

Za Marekani zina mtindo wao, ngoja niuseme maana wengine mnaoniandikia mnaishi huko. Kule mara nyingi hawakuulizi afya, bei inatokana na umri na gharama ya safari, mara nyingi kama asilimia 4 mpaka 10 ya gharama hiyo, lakini ukidai wanarudi nyuma siku 60 mpaka 180 kabla hujanunua kuangalia kama ulitibiwa hilo tatizo. Dawa yake ni kununua mapema, zipo nyingi zinazofuta hicho kipengele ukikata bima ndani ya siku 14 au 21 tangu ulipie malipo ya kwanza ya safari, ukiwa umekatia safari nzima na ukiwa unaweza kusafiri siku hiyo unayonunua. Ukisubiri mpaka wiki ya safari umeshachelewa, na bei haipungui kwa kusubiri.

Mimi sioni, hela yangu ni ya mawazo. Je naweza kwenda tu bila bima? Na mbwa wangu mwongozo je, anaingia kwenye bima yangu? – Macho Manne ya Mwenzangu

Inategemea mlango unaopita. Visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano huipati bila bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kwingine wanakuachia uamue, na mi sitakuamulia, ila kutoona siyo sababu ya kukupandishia bei, kwa hiyo kabla hujasema hela haitoshi chukua kotesheni 3 kwanza, ukate matibabu na kurudishwa nyumbani tu, achana na kinga ya mizigo na ya safari kuahirishwa kama tiketi yako ni ya bei ndogo. Onlaini ukikuta fomu haisomeki na programu yako ya kusoma skrini, wapigie wakujazie, na uombe nakala ya majibu waliyojaza, maana akikosea yeye utakayebishiwa ni wewe.

Mbwa hayumo. Matibabu yake, karantini, kupotea, hivyo vinakuwa kinga ya pembeni na siyo kampuni zote wanayo, kwa hiyo uliza kwa jina lake, "mbwa mwongozo", na iandikwe hivyo hivyo kwenye mkataba. Wakiandika "mnyama wa kufugwa" warudishie warekebishe, wanyama wa kufugwa mikataba mingi imeshawatoa nje ukurasa unaofuata.